Redieta si lazima iunguze mkono

Wiki hii nimeingia nyumba tatu za wenzetu hapa London mashariki, na zote tatu nimekuta boila, mtambo wa gesi unaopasha maji ya redieta za nyumba, imewekwa nyuzi 80. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Fundi, baridi ya huku haina mchezo, tumeipandisha ili nyumba ipate joto." Halafu naletewa bili ya gesi, naulizwa boila ina ugonjwa gani. Boila haina ugonjwa wowote. Nimelieleza jambo hili mlango kwa mlango miaka mingi, sasa naliandika.

Watu wanaamini nambari ya boila ndiyo joto la nyumba. Siyo. Ni joto la maji yanayotoka kwenye boila kwenda kwenye redieta. Joto la chumba linaamuliwa na themostati ya ukutani. Ukiiweka 20, siku nyingi chumba kitafika 20, maji yawe 80 au yawe 60. Kinachobadilika ni muda wa kufika hapo, na gesi iliyoteketea njiani.

Na hiyo gesi ndiyo inayoniuma. Tangu Aprili 2005, karibu kila boila mpya ya gesi inayofungwa England na Wales ni ya kutonesha mvuke. Gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji, na mvuke huo umebeba joto. Boila hizi zimeundwa ziupoze mpaka uwe maji, ili joto lake libaki ndani ya nyumba yako badala ya kutoka nje kwa bomba la moshi la ukutani. Lakini haziwezi kufanya hivyo vizuri mpaka maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Ukipeleka maji ya 80, mara nyingi yanarudi na 60 au zaidi. Umenunua boila ya kisasa, unaitumia kama ya zamani.

Mama mmoja hakuniamini, basi nikamwonyesha. Chini ya boila kuna bomba jembamba jeupe la plastiki linalopeleka maji ya mvuke kwenye bomba la sinki. Nililichomoa nikaliwekea jagi. Boila ilikuwa imeshawaka saa nzima kwa nyuzi 80; tulikaa nusu saa, jagi likapata matone tu, hayakufunika hata kitako. Nikaishusha hadi 55, tukanywa chai mpaka redieta zikatulia, tukarudisha jagi mahali pake. Bomba likakaa kimya kidogo, kisha likamwaga kwa mkupuo, likamwaga tena. Nusu saa ilipoisha jagi lilikuwa na maji ya kina cha vidole vitatu. "Haya yote yalikuwa yanaenda nje?" Ndiyo mama, kila siku, tangu boila ifungwe.

Kwa hiyo ushauri wangu, nao ni kwa mwenye kombi, yaani boila inayopasha maji ya kuogea papo hapo bila tangi: tafuta kitufe chenye picha ya redieta, shusha hadi 60, kaa nayo siku mbili. Vyumba vikifika joto unalolitaka, shusha hadi 55. Makadirio ya wataalamu wa huku ni kwamba kutoka 80 hadi 60 kunapunguza gesi kwa asilimia 6 hadi 8. Redieta zitakuwa vuguvugu na zitawaka muda mrefu zaidi, ndivyo zinavyotakiwa. Anza kupasha nyumba mapema asubuhi. Theluji ikianguka na sebule ikashindwa kufika, panda hadi 65, baridi ikipungua urudi. Kanuni za ujenzi za England tangu Juni 2022 zinataka mfumo mpya wa redieta uundwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55, kwa hiyo hili silitoi kichwani mwangu. Na tafadhali, sisemi mlale na baridi. Mwenye mtoto mchanga au mzee ndani asishushe chumba chini ya 18. Punguza joto la maji, si joto la watu.

Kugeuza vitufe hivi ni kazi yako mwenyewe. Kufungua kifuniko cha boila ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi wa huku, si ya shemeji.

Kuna mengine ninayoyasikia. Themostati kuipandisha hadi 30 ili chumba kipate joto haraka: hapana. Themostati nyingi ni swichi tu, inawasha na kuzima. Utaisahau, uishie kufungua madirisha.

Kuacha boila ya gesi iwake mchana kutwa ni nafuu kuliko kuiwasha kwa saa: hapana, kwa nyumba nyingi. Kadiri nyumba inavyokaa na joto muda mrefu ndivyo inavyolivujisha nje muda mrefu.

Vali ya redieta, ile yenye nambari 1 hadi 5, inasoma joto la hewa iliyo karibu nayo. Ukiifunika kwa pazia au ukaianikia khanga, itadhani chumba kimeshapata joto na itafunga. Nambari 3 ni kama nyuzi 20.

Maji ya kuogea sasa, na hapa nisikilizwe vizuri. Mwenye kombi anaweza kuweka kitufe chenye picha ya bomba kwenye nyuzi 50 au chini kidogo. Kama kila siku unayachanganya na ya baridi, ulikuwa unalipia moto usioutumia. Lakini mwenye tangi asimwige jirani. Maji ya tangi yawekwe 60, na boila inayolipasha lazima iwe juu zaidi ya hapo, 65 au 70. Bakteria wa Legionella, waliopata jina lao baada ya ugonjwa uliozuka Philadelphia mwaka 1976, huzaliana kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na mapafu ndiyo yanayoumia. Maji ya 60 nayo yanamuunguza mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo mwenye tangi na watoto afungiwe vali ya kuchanganyia kwenye bomba la bafu.