Hisa zimezidi kwenye akiba yako ya Marekani? Anza kupanga upya pale kodi isipofika

Ndugu zetu wengi wanaoishi Marekani walinunua hisa miaka kumi au kumi na tano iliyopita, zikapanda, nao hawakuzigusa. Aliyekusudia kuwa na hisa 60% na hatifungani (mikopo unayoikopesha serikali au kampuni kwa riba) 40% leo anajikuta na hisa 80%. Kijana anaweza kustahimili hali hiyo. Aliyebakiza miaka mitano kustaafu akumbuke 2008, pale S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilipopoteza karibu 37% ndani ya mwaka mmoja.

Kinachowafunga mikono wasiuze ni kodi. Ukiuza kwenye akaunti ya kawaida ya dalali wa hisa, serikali kuu hutoza faida yako 0%, 15% au 20% kulingana na kipato, ikiwa hisa umekaa nazo zaidi ya mwaka. Ukiuza mapema zaidi, faida huhesabiwa kama mshahara na kiwango kinaweza kufika 37%. Majimbo mengi nayo yana kodi yake.

Kosa tunalokutana nalo sana ni kuitazama kila akaunti peke yake, wakati akiba ya nyumba ni kapu moja. Tuseme muuguzi wa Minneapolis ana dola 300,000. Kwa dalali ana 180,000, zote hisa, ambazo alizinunua kwa 90,000. Nyingine 120,000 ziko kwenye 401(k), mpango wa kustaafu kupitia mwajiri, nusu hisa nusu hatifungani. Hisa zake zote ni 240,000, yaani 80%, naye analenga 60%. Akiuza za 60,000 kwa dalali, faida ni 30,000, na kwa kiwango cha 15% analipa 4,500. Lakini ndani ya 401(k) kuuza na kununua hakutozwi kodi. Akizigeuza hisa za 60,000 zilizomo humo kuwa hatifungani, anabaki na hisa za 180,000: 60% kamili, bila kulipa hata senti. Na hatifungani humo zimekaa mahali pake, maana nje riba yake ingetozwa kodi kila mwaka.

Hesabu hiyo ina doa moja. Dola iliyomo kwenye 401(k) ya kawaida bado inadaiwa kodi siku utakapoitoa, kwa hiyo ukiondoa deni hilo, uzito halisi wa hisa zake ni zaidi kidogo ya 60%.

401(k) ikiwa haitoshi, elekeza gawio na akiba mpya kwenye hatifungani. Ukilazimika kuuza, mwambie dalali kabla ya kuuza ni fungu lipi la hisa liondoke. Lile ulilonunua ghali zaidi ndilo lenye faida ndogo. Hisa zilizokula hasara zinaweza kufuta faida ya nyingine, mradi usinunue hisa zilezile siku 30 kabla au baada ya kuuza. Na wewe unayetoa fungu la kumi au sadaka kila mwaka, ulizia kama kanisa au msikiti wako unapokea hisa. Ukitoa hisa zilizopanda badala ya fedha taslimu, faida yake huitozwi kodi.

Kuahirisha kuuza, hata hivyo, si lazima kila mwaka. Ukirudi shule au ukipunguza zamu, kipato kinashuka. Kwa 2025, mtu asiye na mwenzi ambaye kipato chake kinachotozwa kodi, faida ikiwemo, hakizidi dola 48,350, na wanandoa wanaojaza fomu pamoja wasiozidi 96,700, walikuwa kwenye 0% kwa hisa za zaidi ya mwaka. Mwaka wa kipato kilichoshuka hivyo ndio wa kuuza.

Jambo la mwisho ni kwa wenye hisa Nairobi. Kenya haitozi kodi faida ya hisa zinazouzwa kwenye NSE, soko la hisa la Nairobi, na wengi wanadhani yameishia hapo. Marekani huwatoza raia wake na wakazi wake wa kikodi kwa kipato cha dunia nzima, kwa hiyo faida hiyo lazima iingie kwenye fomu yako ya kule.