Ushoroba wa Mtwara: ya kijiweni na ya barabarani

Msimu wa korosho ukishachanganya, kaa Mikindani saa moja tu pale barabara inapofuata bahari, uyaangalie malori. Yanayoingia mjini yamefunikwa turubai, matairi yamebonyea. Yanayotoka, mengi ni bodi tupu linalogonga kila tuta. Niliwahi kumuuliza dereva mmoja aliyesimama kunywa chai, mbona asitafute mzigo. Akacheka: "Mzee, nirudi na nini? Nazi?" Nauli ya kurudi tupu alikuwa ameshaiweka ndani ya nauli ya kuja.

Hilo bodi tupu linajibu nusu ya yanayobishaniwa vijiweni kwetu kuhusu ushoroba, yaani njia ya mizigo kati ya bandari ya Mtwara na nchi jirani.

"Lami ikifika, ushoroba umekamilika."

Mkataba wa Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara ulisainiwa mwaka 2004 na nchi nne: Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia. Leo lami inatoka Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, Mbinga hadi Mbamba Bay, zaidi ya kilomita 800. Lakini ukifika Mbamba Bay unakuta maji. Mzigo wa Malawi unashushwa, unapandishwa chomboni, unavuka Ziwa Nyasa, unashushwa tena, na kila anayeugusa analipwa. Mpaka wa nchi kavu nao una gharama zake: karatasi ikichelewa, dereva anakula na lori la mkopo linadaiwa marejesho. Siku tatu za kusimama zinaweza kumla msafirishaji kuliko mafuta.

"Daraja la Umoja ni pambo."

Daraja lenyewe halina kosa. Lina mita 720, liko Mtambaswala juu ya Mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, na lilifunguliwa mwaka 2010. Wazo lake ni la Mwalimu Nyerere na Samora Machel tangu 1975. Tatizo lilikuwa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Kutoka Negomano kuelekea Mueda barabara ilibaki ya udongo kwa miaka mingi, na tangu 2017 jimbo hilo la Cabo Delgado lina vita. Nani atapeleka semi yake huko? Mwenye lori haangalii kipande kizuri cha njia, anaangalia kile kitakachomkwamisha. Na tusiwacheke Wamakonde wa ng'ambo: Mei 2024, mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, sisi wenye lami tulikaa siku kadhaa bila njia ya Dar.

"Bandari yetu ina kina, meli zitakuja zenyewe."

Kina tunacho, na gati jipya la mita 300 lipo. Ila meli hufuata mzigo. Historia hii ilishapita hapahapa: Waingereza walianza mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilikataa, mradi ukaachwa mwaka 1951, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wapo wanaosema ilikufa kwa uzembe wa Serikali baada ya Uhuru. Mimi naona ilikufa siku mzigo wake mmoja ulipokufa. Sasa makaa ya mawe ya Mbinga yameanza kupita bandarini pamoja na korosho, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mfanyabiashara wa Lilongwe, Malawi, ana bandari za Msumbiji, Nacala yenye reli na Beira, na ana Dar. Hatakuja huku kwa kutupenda, atakuja akiona meli zinapishana na lori lake halirudi tupu.

"Nauli ikishuka, bei ya korosho inapanda."

Inaweza kupanda. Mnunuzi wa mnadani huanzia bei ya India au Vietnam, kisha anarudi nyuma: anatoa meli, bandari, lori, magunia, faida yake. Kinachobaki ndicho anachoandika kwenye zabuni. Nauli ikipungua, kuna pesa imebaki mezani. Wanunuzi wakiwa wengi na wanagombania ghala moja, itamfikia mkulima wa Newala. Wakiwa wawili watatu wanaojuana, itaishia mfukoni mwao, na lami iko palepale.

Njia ni ya pande mbili vilevile: barabara inayotoa korosho kwa bei nafuu ndiyo inayoleta bidhaa za viwanda vikubwa kumshinda fundi wa Masasi. Sisemi tuifunge. Nasema fundi huyo naye ahesabiwe.

Kinachonikera zaidi ni korosho ghafi. Katika kilo nne zinazopakiwa melini, kinacholiwa ni kilo moja, mara nyingi haifiki. Zilizobaki ni ganda, na hilo ganda tunalilipia nauli kutoka shambani hadi ng'ambo ya bahari, wakati Mtwara na Lindi wapo akina mama wanaojua kubangua.