Kutu ya chuma na kutu ya mapesa si ndugu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliingia karakanani kwangu hapa Tanga amekumbatia jiko la Primus la babu yake, lile la mafuta ya taa la kupiga pampu. "Shikamoo fundi. Hili nimeshalisafisha mwenyewe, wewe liwashe tu." Marahaba ilinikwama mdomoni. Tangi lilikuwa waridi. Si manjano, si kahawia: waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga. Kumbe limelala siku tatu kwenye ndoo ya siki. "Si ilikuwa na kutu, fundi? Na kutu si inatolewa na siki?"

Ni jiko la nne mwaka huu. Kwa hiyo leo naandika, halafu nitakuwa nawaonyesha watu simu badala ya kupandisha presha yangu mwenyewe.

Lugha yetu imechangia kosa hili. Siku hizi chochote kinachoota juu ya chuma au shaba tunakiita kutu, basi. Wazee walitofautisha: ule ukijani wa shaba waliuita kutu ya mapesa, kwa sababu mapesa ya zamani yalikuwa ya shaba. Sisi tumelitupa lile "ya mapesa", tukabaki na kutu moja na dawa moja.

Kabla ya siki, kabla ya msasa, kabla ya kumpigia simu shemeji anayejua kila kitu, chukua sumaku. Ikinata, hapo ni chuma. Isiponata, weka siki chini. Kwenye Primus No. 1 tangi ni shaba ya manjano, lakini pete ya kukalishia sufuria kwa kawaida ni chuma. Optimus 111, lile la wapanda milima, lina sanduku la chuma na tangi la shaba ndani yake. Svea 123 ni shaba karibu lote. Coleman la mafiga mawili lenye tangi jekundu, tangi lenyewe ni chuma. Jiko moja linaweza kuwa na wagonjwa wawili tofauti, na wewe unawanywesha dawa ya mmoja.

Kutu ya chuma huvimba. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana inabanduka magamba, na chini ya gamba unyevu unaendelea kula. Hiyo lazima itoke. Weusi na ukahawia wa shaba, kinyume chake, hushika kama ngozi na kuilinda shaba iliyo chini. Ukiutoa unautoa kwa ajili ya macho yako tu. Jiko halijaomba.

Sasa siki. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Asidi ikipewa muda huanza na zinki, inaiyeyusha na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Ule uwaridi ndio huo. Kwa macho unaona jiko safi. Kumbe una tangi lililonyang'anywa nusu ya mifupa yake. Frans Wilhelm Lindqvist alipolitengeneza jiko la Primus Stockholm mwaka 1892, ujanja wake ulikuwa kugeuza mafuta ya taa kuwa mvuke kabla hayajaungua, na ndiyo maana halitoi masizi kama jiko la utambi. Mvuke huo unahitaji presha, na presha inahitaji tangi zima.

Hapo ndipo mtu huniambia: "Mbona bibi alisugua sinia na dele kwa ndimu na majivu miaka hamsini?" Kweli, hata bibi yangu. Lakini bibi alisugua dakika tano, akasuuza, akakausha, akaendelea na shughuli zake. Hakulaza sinia kwenye ndoo tangu Alhamisi hadi Jumapili! Na sinia likitoboka utamwaga pilau. Halina mafuta ya taa yanayosukumwa na hewa karibu na kope zako.

Nikiri jambo. Si kila uwaridi ni ugonjwa. Mara nyingine ni utando mwembamba wa shaba uliorudi kukaa juu, na ukisugua kwa waya laini wa sufuria manjano hutokea tena. Mimi husugua sehemu ndogo chini ya tangi. Manjano ikirudi, napumua. Isiporudi, siwezi kukwambia uharibifu umeingia kina gani bila kulikata tangi, na nikilikata hakuna jiko. Kwa hiyo najaribu kwa maji: najaza tangi maji pomoni, naziba kichwa, napiga pampu. Maji hayabanwi kama hewa. Tangi likishindwa litachuruzika tu, halitalipuka. Likivuja kwenye maungio ya lehemu, linatibika. Likitoa jasho katikati ya bati, linakuwa pambo la kabati. Nimewahi kukosea pande zote mbili.

Jambo la pili kwa wapenda kung'arisha: someni chupa ya dawa yenu. Ikiwa na amonia, isikae juu ya tangi. Zamani jeshi la Uingereza nchini India lilikuta maganda ya risasi ya shaba yakipasuka yenyewe msimu wa mvua. Yalihifadhiwa kwenye mazizi, na mkojo wa farasi hutoa amonia. Maelezo ya kitaalamu yalipatikana mwaka 1921: shaba iliyovutwa na kukandamizwa kiwandani hubaki na mvutano ndani yake, na amonia huufungulia mlango. Tangi la Primus nalo limekandamizwa kiwandani. Paka, sugua, osha kwa sabuni, kausha. Usiache ule ukungu mweupe kwenye kona.

Sisi wa pwani tuna tatizo letu. Nimesema kutu ya shaba hulinda, ila chumvi ya bahari huleta aina nyingine, ya kijani kibichi, ya unga, inayorudi kila ukiifuta. Hiyo hailindi kitu. Naiosha kwa maji moto, sabuni na mswaki, narudia, nakausha juani. Kwa baadhi ya majiko hutulia. Kwa mengine hurudi baada ya masika, na sijapata dawa ninayoweza kuiapia.

Tangi la chuma, haraka haraka: ndimu ya unga kwenye maji ya vuguvugu, nati chache ndani, tikisa mpaka mkono uchoke. Suuza kwa maji yenye magadi soda kidogo, toa nati zote (zihesabu), kausha papo hapo kwa draya ya nywele, kisha zungushia mafuta ya taa ndani. Ukienda kunywa chai kabla ya kukausha, utakuta kutu mpya. Likitoboka usilete, matangi ya chuma sizibi viraka.

Pampu haisukumi? Ni ngozi ya ndani ya pampu imekauka, iloweke kwenye mafuta. Tundu la moto ni theluthi tu ya milimita, kwa hiyo likiziba tumia sindano yake maalumu, si msumari. Petroli kwenye jiko la mafuta ya taa: hapana, na usiniulize tena.

Kuhusu yule kijana, manjano ilirudi nusu tu, na tangi liko benchini limejaa maji tangu jana. Nilimuuliza pete ya sufuria iko wapi. Akatoa mfuko. Ilikuwa nyekundu kwa kutu, magamba yakadondoka sakafuni kwangu.

"Hii sikuiweka kwenye siki, fundi. Niliogopa isije ikaharibika."