Kifandugu Kinapouma: Usikimbilie Dawa ya Bawasiri

Kila tarehe 8 Septemba, Siku ya Fiziotherapia Duniani, sisi wa vitengo vya utengamao, tunaowasaidia wagonjwa kurudisha uwezo wa mwili, hutoa elimu kwa umma. Safari hii nimechagua kifandugu, yaani kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo, juu kidogo ya njia ya haja kubwa, kwa sababu wagonjwa wake hutufikia wakiwa wamechelewa, na wengi wameshatibiwa ugonjwa mwingine.

Wanachelewa kwa aibu. Mahali penyewe hapasemeki mbele za watu, kwa hiyo mtu huenda duka la dawa kimyakimya, akanunua dawa ya bawasiri au ya ngiri. Mama aliyejifungua ananyonyesha amekalia tako moja kwa miezi, anadhani ndiyo uzazi. Inaniuma kuona hivyo, maana tatizo hili kwa wengi hutulia bila upasuaji.

Kano na misuli ya sakafu ya nyonga imejishikiza kwenye kifandugu. Ukiegemea nyuma, uzito hukiangukia. Ukiinuka, misuli hiyo hukivuta. Ndiyo maana kuinuka kitini mara nyingi huuma kuliko kukaa kwenyewe. Chanzo huwa kudondokea makalio bafuni au kwenye ngazi, uchungu mrefu wa uzazi, au kukaa kutwa nzima, iwe ofisini au juu ya bodaboda. Wanawake huugua takriban mara tano zaidi ya wanaume. Na wanafunzi wanaomvutia mwenzao kiti wakome. Tunapokea matokeo yake.

Sasa eksirei. Wapo wanaogombana na daktari kwa kutoandikiwa. Kifandugu kilichopinda huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote, na hata kikivunjika hakifungwi plasta. Matibabu ya mwanzo ni yaleyale. Pia hakihusiani na nguvu za kiume, tafadhali.

Kinachosaidia zaidi ni namna ya kukaa. Mpe fundi magodoro kipande cha sponji ngumu, akikate kwa nyuma mfano wa herufi U, kifandugu kibaki hewani. Mto wa duara wenye tundu katikati wengi hauwafai. Inamia mbele kabla ya kuinuka, na usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama. Kunywa maji, kula papai na mboga za majani ili choo kiwe laini. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hulegeza misuli. Parasetamoli inatosha kwa wengi. Diklofenaki usijinunulie, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo, tatizo la figo au mimba. Na mazoezi ya kubana misuli ya nyonga mliyoona mitandaoni acheni kwanza, kwani kwa wengi wenu misuli hiyo tayari imekaza, nasi tunawafundisha kuilegeza.

Tiba ya kukinyoosha kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa ipo. Hufanywa na mtaalamu mwenye leseni, baada ya kukueleza na wewe kuridhia, na una haki ya kuomba awepo mtu wa jinsia yako. Unaweza kukataa. Kuvutwa nyumbani na jirani si tiba.

Kwa Tanzania Bara, ukiumia barabarani, chukua polisi fomu ya PF3, ya kuruhusu matibabu ya majeruhi, daktari aijaze, nawe ubaki na nakala. Ukiumia kazini, mjulishe mwajiri mara moja, kwa maandishi. Naye anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7 tangu ajue. Ukikaa kimya zaidi ya miezi 12, haki ya kudai inaweza kupotea. Tunza vyeti vyote, hata vya zahanati.

Usisubiri nyumbani ikiwa makalio au sehemu za siri zinakufa ganzi, mkojo au haja inatoka bila kujijua, au mkojo umegoma kutoka. Hiyo ni dharura, nenda hospitali saa hiyohiyo. Homa, usaha au uvimbe mwanzoni mwa mfereji wa makalio, damu kwenye choo, kukonda bila sababu, au maumivu ya usiku yasiyobadilika kwa mkao, vyote vinahitaji daktari mapema.

Kwenye dirisha la mapokezi sema tu "maumivu ya kifandugu". Mengine utamweleza daktari ndani, mlango ukiwa umefungwa.