Ukikamatwa ugenini, ubalozi hauna ufunguo wa mahabusu

"Mtoto wetu kakamatwa Riyadh, mbona ubalozi haujamtoa?" Swali hili halikauki kwenye simu za balozi zetu za Ghuba, na wanaouliza huamini balozi akipiga simu moja tu, lango linafunguliwa.

Halifunguliwi. Afisa wa konseli, yaani afisa wa ubalozi anayeshughulikia raia wa nchi yake walioko ugenini, hana amri juu ya polisi wala hakimu wa nchi ya watu. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 inamruhusu kumtembelea mahabusu, kuwasiliana naye na kumsaidia kupata wakili. Kusaidia kupata wakili si kumlipa. Ada, faini na dhamana ni juu ya familia.

Kosa linaloumiza zaidi ni kudhani polisi watapiga simu ubalozini wenyewe. Wanatakiwa kumweleza aliyekamatwa haki yake bila kuchelewa, lakini taarifa hutumwa akiomba, isipokuwa pale nchi mbili zilipokubaliana vinginevyo. Na kueleza kwenyewe husahaulika. Ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walikamatwa Arizona 1982; konseli wao akaja kujua 1992, wakati hukumu ya kifo imeshatolewa. Ilitekelezwa 1999. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema 2001 kwamba Marekani ilivunja mkataba, lakini wenyewe walishazikwa.

Kwa hiyo mtu aseme waziwazi, "Naomba ubalozi wangu ujulishwe," arudie mbele ya mkalimani, na aombe liandikwe kwenye maelezo kabla hajatia sahihi. Familia nayo ilete jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya kukamatwa na kituo alikopelekwa. "Mama Asha, yuko Saudia" si taarifa! Daftari la gereza halina Mama Asha.

Eti ubalozi ni ardhi yetu? Si kweli. Mkataba mwingine wa Vienna, wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, unazuia maafisa wa nchi mwenyeji kuingia bila idhini ya mkuu wa ubalozi, basi. Ardhi inabaki ya mwenyeji.

Mwajiri kashika pasipoti? Ubalozi unaweza kutoa hati ya dharura ya safari. Lakini hati hiyo haifuti kesi, deni wala zuio la kutoka nchini, na asiyemaliza hayo hurudishwa pale pale dirisha la uhamiaji, tiketi mkononi.

Kabla ya kusafiri, piga picha ukurasa wa pasipoti wenye sura yako na ule wa viza, umtumie dada au kaka aliyebaki nyumbani.