Domeini Si Tovuti, na Fundi Si Mwenye Jina: Dhana Potofu Zinazowagharimu Wafanyabiashara wa Dodoma

Muulize mwenye nyumba ya wageni pale Area D, au msindikaji wa mvinyo wa Hombolo, tovuti yake iko wapi. Mara nyingi utajibiwa, "Anayo kijana wangu wa kompyuta." Matatizo mengi huanzia hapo, kwa sababu anachokiita tovuti ni vitu vitatu, vinalipiwa mbali mbali, na vinaweza kuwa mikononi mwa watu watatu wasiojuana.

Cha kwanza ni domeini, yaani jina lenyewe, lile linaloishia na .co.tz au .com. Cha pili ni hosti: nafasi unayokodi kwenye seva, kompyuta inayowaka usiku na mchana ikisubiri mtu aombe ukurasa. Cha tatu ni tovuti yenyewe, yaani maandishi, picha na programu inayoviendesha, mara nyingi WordPress, ambayo ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2003. Chukulia laini na simu. Laini ndiyo yenye namba ambayo wateja wanayo. Simu unaweza kuibadilisha kesho na namba ikabaki ile ile. Kinachounganisha jina na seva ni DNS, mfumo alioubuni Paul Mockapetris mwaka 1983 ili watu wakumbuke majina badala ya namba za aina ya 192.0.2.10.

"Nimeshanunua, ni yangu moja kwa moja"

Domeini hainunuliwi, inakodishwa. Kwa .com unaweza kulipia mwaka mmoja mmoja, au ukalipa kwa mkupuo, mwisho miaka 10. Ukipitisha tarehe, msajili, yaani kampuni iliyokusajilia jina, anaweza kukuvumilia hadi siku 45 ukahuisha kwa bei ya kawaida. Anaweza, si lazima, na tovuti huwa imeshazimwa. Baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa jina kwa ada ambayo huwa mara kadhaa ya ile ya mwaka. Zikipita hizo, zinabaki siku 5 ambazo huwezi kufanya lolote, kisha jina linarudi sokoni. Wapo watu, na programu za kompyuta, kazi yao ni kuvizia majina yanayoachiwa. Majina ya .tz yana kanuni zake, kwa hiyo muulize msajili wako kabla ya kudhani kalenda ni hiyo hiyo.

Bei nayo ina mtego wake. Tangazo la bei ya kutupa huwa ni la mwaka wa kwanza. Kabla ya kulipa, tafuta bei ya kuhuisha. Mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa.

"Kampuni yangu iko BRELA, jina haligusiki"

BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, husajili kampuni, majina ya biashara na alama za biashara. Haisajili domeini. Hizo ni rejista mbili zisizoongea, na mtu wa Mwanza au wa Manila anaweza kuchukua jina lako la .com leo bila kuulizwa cheti. Kuna njia ya kulidai, inaitwa UDRP, utaratibu wa kimataifa wa kutatua migogoro ya domeini, ipo tangu 1999, lakini inakutaka uonyeshe mambo matatu: una haki ya alama ya biashara, mwenye jina hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ada ya shauri la kawaida WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, ni dola 1,500. Kusajili jina mapema ni nafuu kuliko kulidai.

Miisho ya Tanzania nayo haichaguliwi kwa kupendeza macho. Biashara hutumia co.tz, asasi or.tz, shule sc.tz, vyuo ac.tz, ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dodoma ni udom.ac.tz. Mwisho wa go.tz ni wa serikali peke yake. Hili lina faida kwa mji wenye wizara nyingi kama wetu: tangazo la ajira la "wizara" lililowekwa kwenye jina la .com au .info ni la kutiliwa shaka hata kama nembo ya taifa imenyooka vizuri. Na wanaosema .co.tz haionekani nje ya nchi wanakosea. Inafunguka Oslo kama inavyofunguka Nkuhungu.

"Fundi alinilipia, kwa hiyo jina ni langu"

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, na mara nyingi hakuna mwizi ndani yake. Mteja hana kadi ya kulipia mtandaoni, au hataki usumbufu. Anamtumia fundi hela kwa simu. Fundi anafungua akaunti yake kwa msajili, anaweka barua pepe yake, namba yake ya simu, na kwenye nafasi ya mmiliki anajaza jina lake kwa sababu ndilo linalojijaza lenyewe. Akaunti hiyo hiyo ina domeini za wateja wengine chungu nzima. Miaka miwili baadaye kijana anapata ajira, anahamishiwa Kigoma, anabadili laini. Ilani za kuhuisha zinaendelea kutumwa, tena kwa wakati, kwenye anwani ambayo haifungui tena.

Sasa weka tarehe hiyo mwezi Aprili. Wabunge na watumishi wanaingia mjini kwa Bunge la bajeti, watu wanatafuta vyumba, na tovuti ya nyumba ya wageni inaonyesha ukurasa wa matangazo wa msajili. Mwenye nyumba anampigia mtoa huduma wa hosti, anajibiwa kwa adabu kwamba hosti imelipiwa hadi Desemba na seva haina tatizo. Ni kweli kabisa. Akimpigia msajili, anaulizwa barua pepe ya akaunti, na hapo ndipo anapogundua kuwa ile laini, yaani domeini, imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Stakabadhi ya muamala wa simu inaonyesha kwamba alimtumia fundi hela. Haionyeshi kwamba jina ni lake.

Dawa yake si ghali. Fungua akaunti ya msajili wewe mwenyewe, ujaze jina lako au la kampuni kama mmiliki, kisha fundi akae pembeni akuelekeze. Barua pepe ya akaunti isiwe ile ya domeini hiyo hiyo. Watu wengi huweka info@ ya jina lao wakiona ndiyo ya heshima, bila kufikiri kwamba jina likizimika na barua pepe inazimika, na msajili hana pa kukuonya. Fundi mpe nywila ya hosti na ya WordPress. Kazi yake inaishia huko. Kama jina liko kwake tayari, mwombe abadilishe taarifa za mmiliki, au akupe msimbo wa uhamisho, yaani namba ya siri ya kuhamishia jina, ulihamishie kwenye akaunti yako. Kwa .com, jina lililosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida haliruhusiwi kuhama tena hadi siku 60 zipite, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.

"Ukihama hosti, subiri saa 48 dunia nzima ipate habari"

Hakuna anayezunguka dunia kutoa habari. Kila rekodi ya DNS ina muda wake wa kuishi, unaoandikwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Kompyuta za mitandao ya simu na ofisi hukumbuka jibu la zamani hadi muda huo uishe, kisha zinauliza upya. Fundi anayejua kazi hushusha muda huo hadi 300 siku moja kabla ya kuhama, na wateja wengi wanafika seva mpya ndani ya dakika chache. Ukibadili seva za majina zenyewe, yaani zile zinazotunza rekodi zako za DNS, hapo ndipo kungoja siku moja au mbili kunapokuwa na sababu.

Kinachosahaulika ni rekodi za MX, zinazosema barua pepe ziende wapi. Ukihamia seva mpya za majina bila kuzinakili, tovuti itafunguka vizuri, utafurahi, na barua za wateja zitakuwa zinarudi zilikotoka. Piga picha ya ukurasa wote wa DNS kabla ya kugusa chochote.

Mengine kwa haraka. Hosti ya "bila kikomo" ina kikomo. Kiko kwenye masharti, kwenye idadi ya mafaili na nguvu ya kichakataji. Kufuli kwenye kivinjari linasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Huduma ya Let's Encrypt hutoa bure cheti kinacholeta kufuli hilo, na tapeli anakipata kama wewe. Tovuti ikiwa nzito, usisingizie kwamba seva iko Ulaya wakati ukurasa wa mbele una picha kumi za mizabibu zilizotoka kwenye simu moja kwa moja, megabaiti tano kila moja.

Na ukipokea ankara inayosema domeini yako inaisha, au barua ya kirafiki ikikuarifu kuwa kampuni fulani China inataka kusajili jina lako na una siku chache za kuwahi, usilipe kwa hofu. Hizo ni mbinu za zamani, zinatumwa kwa maelfu. Anayestahili kukudai ni msajili uliyejiandikisha kwake. Kwa .com, jina la msajili huyo na tarehe ya kuisha vinaonekana kwenye tovuti ya lookup.icann.org hata pale taarifa za mmiliki zilipofichwa.