Kabla roboti haijagusa maji: kanuni tunazokagulia

Kazi yangu siku ya mashindano ni kukagua roboti za majini zilizoundwa na wanafunzi wa sekondari hapa Mwanza. Mimi ni fundi umeme, kwa hiyo ninaanzia kwenye betri, na walimu wananilalamikia kwa hilo. Timu inafika na roboti iliyopakwa rangi, kamera inaonyesha picha safi, halafu naizuia kwa sababu ya kijipande cha waya. Acha nieleze kwa nini.

Kanuni zetu zimechota sana kutoka mashindano ya MATE, mashindano ya kimataifa ya wanafunzi wanaounda roboti za majini, yenye chimbuko lake Monterey, California. Kwa ngazi yetu roboti inatumia volti 12 kutoka kwenye betri iliyo nchi kavu, na umeme unashuka kwa kebo. Betri ndani ya roboti hairuhusiwi: boksi la kuihifadhi likivuja, maji na betri vinakutana mahali usipoweza kufika haraka, na boksi lililozibwa vizuri nalo linakusanya gesi. Umeme wa ukutani haukaribii ukingo wa maji hata kwa kuchajia simu.

Inayoangusha wengi ni kanuni ya fyuzi. Lazima ikae kwenye waya chanya, isizidi sentimita 30 kutoka kwenye betri. Vijana wengi wanaiweka kwenye boksi la swichi, mita mbili mbele, kwa kuwa ndiko kuna nafasi na panapendeza. "Mwalimu, si fyuzi ipo?" Ipo, ila inalinda kilicho mbele yake tu. Zile mita mbili za nyuma hazina ulinzi. Waya ukichunika kwenye ukingo wa meza ya chuma, chanya ikagusana na hasi, betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo mmoja. Ganda la waya linayeyuka kabla hujapata spana ya kufungulia kichwa cha betri.

Ukubwa wa fyuzi haukisiwi. Jumlisha umeme unaovutwa na mota zote zikifanya kazi kwa pamoja ndani ya maji, zidisha kwa 1.5, kisha chukua saizi inayofuata juu inayopatikana dukani. Mota tatu za ampea 4 kila moja zinakupa 12, ukizidisha ni 18, basi fyuzi ni ya 20. Pima majini, maana propela ikizunguka hewani haina mzigo na multimita itakuonyesha namba ndogo ya kukufurahisha bure. Na waya nao uwe wa kuhimili hizo ampea 20, la sivyo wenyewe ndio utageuka fyuzi.

Hapo ndipo linapozaliwa tatizo la kebo, ambalo kanuni hazikutatulii. Chukua mita 15 za waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ule wa kuwekea taa nyumbani. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 30: ukinzani wake ni kama omu 0.34. Ukivuta ampea 12 unapoteza volti 4 njiani, na mota zinabaki na 8. Ukienda kwenye waya wa milimita za mraba 4, unapoteza volti moja na nusu hivi, lakini sasa kebo ni nzito na ngumu, inaivuta roboti kila inapogeuka. Mimi ningechagua 2.5 na kufunga maboya madogo kila baada ya mita moja, kama wavuvi wanavyofanya kwenye nyavu. Timu nyingine zitaniambia tofauti, na zikija na hesabu yao nawasikiliza.

Kebo ifungwe kwenye fremu kabla haijafika kwenye viungio vya umeme. Ninaikamata na kuinyanyua roboti nzima nayo. Kiungio kikibeba uzito, ukaguzi umeishia hapo.

Kila propela iwe na kinga yenye matundu yasiyozidi milimita 12.5, ili kidole kisipite. Kwetu kinga ina faida ya pili: mizizi ya magugu maji na vipande vya nailoni vya nyavu zilizochakaa hujisokota kwenye mota kwa sekunde chache.

Kuhusu kuzuia maji, boksi lililokaa vizuri kwenye ndoo halijathibitisha kitu. Kwenye kina cha mita 2, kifuniko cha sentimita 10 kwa 10 kinakandamizwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 20 hivi. Lijaze boksi karatasi ya chooni, lizamishe kwa kamba hadi kina cha mashindano kwa nusu saa, kisha fungua. Karatasi haidanganyi. Wanaotumia nta kuzibia mota wahakikishe haijaingia kwenye shafti.

Timu zinazotoka pwani ziangalie uzito upya. Roboti ya lita 4 inasukumwa juu kwa nguvu ya uzito wa kilo 4.1 hivi baharini, lakini huku kwenye maji yasiyo na chumvi ni kilo 4 tu. Hiyo tofauti ya gramu 100 inatosha kuipeleka chini roboti iliyokuwa inaelea katikati vizuri kabisa Dar es Salaam.

Kanuni moja tumeiongeza wenyewe na haina mjadala: hakuna mwanafunzi anayeingia ziwani, iwe ni kwa majaribio au kufuata roboti iliyonasa. Ufukwe wetu una kichocho, vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na sehemu nyingine kuna mamba. Majaribio yafanyike kwenye simtanki iliyokatwa juu au bwawa la kuogelea. Roboti iliyonasa inavutwa kwa kebo, na ndiyo sababu nyingine ya kuinyanyua wakati wa ukaguzi.

Mje na mchoro wa umeme kwenye karatasi ya A4, ukionyesha betri, fyuzi na ampea zake, swichi na kila mota. Mchoro ulio kwenye simu siupokei. Mikono ikishalowa hakuna anayekubali kuitoa simu yake mfukoni.